Risala ya Wanafunzi wa Saletele Siku ya Kupokea Sanduku la Sauti

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi Penehuro wa Ofisi ya Mafunzo, mchungaji wetu, wazee wenye fimbo na wazee wasio na fimbo, Mwalimu Fuatino, majirani mliokuja kusikiliza, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia harufu ya nguruwe:

Talofa.

Ukaribisho

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuacha kiti chako cha Apia ukavuka maji kuja kisiwani kwetu Savaii. Tumeambiwa kwamba kwenye feri bahari ilikuwa na neno na wewe. Tunafurahi kuona rangi ya uso inarudi.

Kwa desturi risala kama hii husomwa na Mzee Ulimasao, msemaji wa kijiji. Safari hii tumemwomba apumzike. Mara ya mwisho alimkaribisha afisa wa maji, na afisa akaondoka kabla mzee hajafika kwenye jina lake. Badala yake anasoma Lagi, yule mama anayeuza mikate ya nazi pale njia panda. Sauti yake inawafikia hata wasioitaka. Ndani ya risala hii Lagi anatajwa mara kadhaa, wala si kwa sifa tupu. Aliomba sehemu hizo zifutwe. Tulipiga kura, akashindwa, kwa hiyo atazisoma kama zilivyo.

Historia ya darasa

Darasa hili la Kiingereza lilianza pale mashamba ya matunda ya Nyuzilandi yalipotaka wachumaji wanaosikia maagizo. Kabla ya hapo tulipeleka kijana mmoja ambaye kila alichoambiwa alijibu "ndiyo". Aliambiwa asiguse matunda mabichi, akajibu ndiyo, akayachuma yote. Alirudi mapema, na hadi leo anavua samaki.

Ofisi yako ilituletea Mwalimu Fuatino na katoni moja ya vitabu. Kitabu cha kwanza kilikuwa na bwana mmoja mwenye kalamu. Tulipofungua ukurasa wa pili bado alikuwa nayo. Ukurasa wa tano aliulizwa kama ana kalamu. Dereva wetu wa basi, jina lake Sio Pesamino, alilala hapo hapo, na dereva akilala watu huogopa. Mwalimu alikifunga kile kitabu taratibu, akasema, "Jamani, kesho tutasoma gazeti."

Utaratibu wake ni huu. Kwanza tunafumba macho, yeye anatusomea habari moja. Tunafumbua, anauliza: nani, wapi, lini, nani kasema. Anasoma tena. Kisha anagawa karatasi, tunasoma wenyewe kwa kidole. Mwisho ndipo tunaingia kwenye sarufi, kutafuta vitenzi vya jambo lililokwisha na vya jambo linaloendelea. Habari ina faida moja ambayo yule bwana wa kalamu hakuwa nayo: kuna kitu kimetokea. Kitu kikitokea, Mzee Ulimasao mwenyewe hunyamaza.

Kuhusu safari ya msibani

Mgeni rasmi, barua ya Ofisi inaiita safari hii "utovu wa nidhamu". Hatubishani na barua. Tunaomba tu tueleze jinsi ilivyokuwa, moja baada ya jingine.

Ofisi ilileta karatasi mpya za habari, zikiwa zimechapwa kwa safu mbili kama gazeti. Ya juu kabisa ilisema kwamba Mzee Leavaiola wa Satogafou, huko kisiwani Upolu, amefariki baada ya mti wa shelisheli kuiangukia nyumba yake, na kwamba mjane anasema hakuna mtu aliyekwenda kumpa pole. Mwalimu alitusomea. Tukafumbua macho. Siku hiyo aliuliza maswali yaliyochapwa na Ofisi chini ya habari. Alipofika la nne, "Mjane anajisikiaje?", Lagi akasimama.

"Anajisikiaje?" akasema. "Mwalimu, mtu kafiwa, nyumba imelala chini, hakuna hata aliyempelekea kopo la samaki! Halafu sisi tumekaa hapa tunatafuta vitenzi?"

"Kaa, Lagi," akasema Sio Pesamino. "Hata humjui huyo marehemu."

"Wewe ulimjua mke wako kabla ya kumwoa? Si ulimwona tu kwenye basi!"

Mzee Ulimasao aligonga fimbo chini. Alifumba macho, akapita kwenye ukoo mmoja hadi mwingine kama mtu anayepapasa ukuta gizani, akatua. Bibi yake Leavaiola, mzaa mama, alikuwa na dada aliyeolewa Saletele. Kwa hiyo ni ndugu. Msamoa akikosa udugu na mtu, ujue hajautafuta.

Mwalimu alisema, "Ngojeni kwanza niulize Apia." Alipiga simu Ofisi, ikaita, ikaita, ikakatika. Tunaambiwa ilikuwa saa ya chakula. Hatulaumu, hata sisi saa hiyo hatupokei.

Kwetu tanzia haisomwi ikakunjwa. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye feri ya kwanza na basi la Sio Pesamino, mikeka laini ya heshima, ndoo za nyama ya chumvi, katoni za samaki, na nguruwe ambaye hakuipenda bahari, kama mgeni rasmi. Mwalimu Fuatino alikuja nasi. Barua inasema aliruhusu wanafunzi kuacha somo. Ukweli ni kwamba hakuulizwa. Alipanda basi akiwa amebeba karatasi za maswali, akasema, "Siwezi kuwaacha mwende msibani peke yenu. Mtamkosea adabu hata maiti."

Tulifika Satogafou. Nyumba ilikuwa imesimama. Mti wa shelisheli ulikuwa umesimama pia, tena umezaa. Lagi alisema wamejenga upya haraka, tukakubali, maana mtu akishabeba mkeka wa bibi yake kutoka kisiwa kingine haoni anachokiona. Wanawake wakakunjua mikeka barabarani ionekane, Mzee Ulimasao akaweka usinga begani, akaegemea fimbo yake na kuanza.

Alikuwa amefika kwenye ukarimu wa marehemu alipotoka mtu mmoja mnene ndani ya nyumba, taulo shingoni, anatafuna.

"Nani kafa?" akauliza.

Mzee Ulimasao hajawahi kuikata hotuba tangu apewe fimbo. "Ni wewe," akamjibu. "Kaa chini, sijamaliza."

Yule mtu akataka kusema neno. Mkewe akatoka nyuma yake na mwiko mkononi. "Muache mzee amalize," akasema. "Miaka yote hii sijasikia mtu akikusema vizuri hivyo. Hata mimi natamani kumjua huyo mwanamume."

Basi Leavaiola akakaa mbele ya nyumba yake mwenyewe, akasikiliza rambirambi zake. Alipotajwa babu yake alikaa wima. Ilipotajwa huruma yake kwa maskini, jirani mmoja alikohoa, akatazamwa. Mwisho wa hotuba Leavaiola alikuwa analia kwa kwikwi, akimwambia mkewe, "Unasikia? Unasikia nilivyokuwa?"

Vitu vya msiba vikishavuka kizingiti havirudi, hata marehemu akiwa anavipokea mwenyewe. Na aliyepewa haachi wageni waondoke mikono mitupu. Wale watu walihangaika mchana kutwa kukopa mikeka na kuchinja ili wasitie aibu ukoo, kwa kifo ambacho hawakupata hata nafasi ya kukifurahia. Tuliwaomba radhi. Wakatuomba radhi nao kwa kutokufa. Tukala.

Baadaye tulijua kwamba habari ile haikutoka kwenye gazeti lolote. Ilitungwa ofisini kwa ajili ya kujifunzia. Leavaiola ana duka la barabarani lenye kibao kikubwa. Huenda mtunzi alipita na gari akalipenda jina. Si dhambi kupenda jina. Mtunzi mwenyewe hatumtaji, kwa sababu amekaa kwenye kiti cha heshima, na kiti hicho tumekiazima kanisani.

Mafanikio

Mgeni rasmi, mafanikio yalianza siku ile ile, tukiwa kwenye feri ya kurudi. Tulikuwa tumeshiba na tumenuna. Mwalimu Fuatino alizitoa zile karatasi. Sio Pesamino akasema, "Mwalimu, huna huruma? Tumetoka kumzika mtu mzima."

"Swali la kwanza," akasema Mwalimu. "Nani kasema amekufa?"

Tulitafuta kwa kidole. Karatasi haikumtaja mtu. Swali la pili, lini? Haikusema. Aliyeandika alifika? Haikusema. Mwalimu hakututania, na nafasi alikuwa nayo. Alisema kwamba yeye pia aliisoma bila kuuliza, na kwamba kuanzia siku hiyo tutasoma kila habari kama mke wa Leavaiola anavyomsikiliza mumewe. Tangu hapo hatujaacha. Hata mchungaji analalamika kwamba matangazo ya Jumapili yanaulizwa maswali.

Pili, Lagi. Kwenye usaili wa simu, bibi wa Nyuzilandi alimwambia, "Nieleze jambo ulilolifanya mwezi uliopita." Lagi ni mtu ambaye kwa Kiingereza alikuwa hajawahi kwenda mbali zaidi ya bei ya mkate. Alivuta pumzi, akaeleza msiba wote, kuanzia mti wa shelisheli hadi taulo, vitenzi vyote vikiwa vya jambo lililokwisha. Yule bibi alicheka hadi akaomba dakika ya kunywa maji. Lagi amefaulu. Ataondoka na kundi la msimu ujao, na mikate itauzwa na dada yake, ambaye tunamwombea.

Tatu, darasa limeongezeka. Aliyekuwa marehemu amejiandikisha. Huja kwa feri kila wiki, na leo yupo, yule pale anayepunga mkono. Mke wake anasema tangu asomewe rambirambi nyumba haimtoshi.

Changamoto

Paa la ukumbi linavuja upande wa wanaojifunza kusoma, kwa hiyo wengi wamehamia upande wa kusikiliza.

Changamoto ya pili ndiyo iliyokuleta. Ofisi imetupatia sanduku la sauti, na leo utalizindua. Tumeliona. Ni zuri, jeusi, lina vitufe. Tulilijaribu jana ili lisitutie aibu mbele yako. Ndani kuna mwanamke wa mbali anayesoma habari bila kupumua. Mzee Ulimasao alimsalimia kwa heshima zote, hakujibu. Mzee alimwuliza ametoka ukoo gani. Akaendelea kusoma hali ya hewa. Mzee amekaa kimya tangu jana, na si kawaida yake.

Sanduku hili limekuja na barua. Barua inasema kwamba kuanzia Jumatatu Mwalimu Fuatino atahamia ghala la Ofisi huko Apia, kupanga viti. Mwalimu hajalalamika. Ametuonyesha vitufe vyote, kimoja kimoja, na cha kuzima.

Maombi

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi mengi. Paa, ubao, taa. Tumeyafuta yote ili lisalie moja, usije ukatupa paa ukaona umemaliza.

Mwalimu Fuatino ameisahihisha risala hii mpaka hapa. Alifuta maneno mawili kuhusu feri na moja kuhusu kiti, sisi tukayarudisha. Aya inayofuata hajaiona. Lagi ataisoma kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kisamoa tungeipamba, nawe ungedhani tunakubembeleza tu.

"Bwana Mkurugenzi. Mwalimu wetu anaitwa Fuatino. Yeye si sanduku. Sisi tukikosea, yeye anatutazama. Anangoja. Sanduku halingoji. Mzee Ulimasao ana meno machache. Anasema neno moja vibaya. Sisi tunacheka. Mwalimu hacheki. Anasema, sema tena. Mzee anasema tena. Bado vibaya. Mwalimu anasema, karibu. Mimi Lagi nilikuwa naogopa simu. Sasa siogopi. Ninaondoka, kwa hiyo sijiombei mimi. Ninawaombea hawa. Tulikwenda msibani kwa sababu tuliamini karatasi. Mwalimu alikwenda kwa sababu yetu. Kama kuna kosa, ni letu, na ni la karatasi. Tafadhali, sanduku liende kupanga viti. Mwalimu abaki. Aya hii ina makosa. Najua. Hakuna aliyeisahihisha. Kila kosa ulilosikia ni sababu."

Mgeni rasmi, tumemaliza. Mungu aliyekuvusha akuvushe tena, bahari ikiwa imelala. Ailinde ofisi yako na simu zake. Ampe Mwalimu Fuatino ujasiri wa kuinua uso, maana tangu aya ile ianze anatazama miguu yake. Nguruwe ameiva, magimbi yametoka kwenye mawe ya moto, na kwa adabu zetu hakuna anayepakua kabla mgeni hajajibu.

Ni sisi,
Darasa la Kiingereza la Saletele,
pamoja na Mzee Leavaiola wa Satogafou, mzima wa afya.