Boga Nililolikemea Kule Mirdif

Bwana apewe sifa, wapendwa! Na nyie mliosimama pale mlangoni, apewe sifa na nyinyi pia. Wengi mnanijua kama Mama Furaha, mtu wa Iringa, nafanya kazi za ndani Mirdif, huku Uarabuni, mwaka wa tano sasa kwa familia ile ile. Leo nimekuja kumshukuru Mungu kwa macho yangu, na kukiri mbele zenu kwamba nililikemea boga. Chekeni tu. Na mimi nilicheka, ila baadaye sana.

Ndugu zangu, nilikuwa mlaji. Watoto wa Madam wakibakiza chipsi, nakula. Wakibakiza keki, nakula, maana kwetu kutupa chakula ni dhambi. Wali sahani mbili, chai ya maziwa ya kopo vikombe vitano kwa siku, na sukari bila kipimo. Mboga sikuzitaka. Mchicha na maboga nimekula utoto mzima, sikupanda ndege kuja kula mchicha! Nikituma picha nyumbani, mama ananijibu kwamba nimenawiri, Uarabuni kumenikubali. Basi kila gauni likinibana najipongeza.

Sasa sikieni habari ya boga. Huku joto likianza kupungua, mwezi wa kumi, maduka hujaa maboga, viazi vitamu na makomamanga. Madam wangu ni Mzungu. Kila mwaka, kwa sikukuu yao ya kutishana, hununua maboga mawili makubwa, wanayachonga macho na meno, wanaweka mshumaa ndani, na watoto wanavaa kama mizimu kwenda kuomba pipi kwa majirani. Mwaka wa kwanza nilipoiona ile sura inawaka mlangoni, nilikimbilia chumbani kwangu. Nikachukua mafuta ya upako, nikapaka milango yote ya ile nyumba, hadi mlango wa friji!

Madam alikuwa amenipa bakuli la boga walilolikwangua ndani, nipike supu. Nikalikemea, nikalifunga kwenye mfuko mweusi, nikalitupa. Halafu nikafungua supu ya karoti ya kopo, maana rangi zinafanana, nikawapashia. Wakaisifu! Nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, nikijiona shujaa wa imani. Kumbe nalinda mlango, na adui nimemkaribisha mwenyewe kwenye sahani.

Mwaka jana, Ijumaa moja, nilipangiwa kusoma Neno hapa hapa mbele. Mnakumbuka? Nilipofungua, herufi zikawa ukungu. Nasogeza kitabu mbali, nasogeza karibu, wapi! Nikasoma fungu ninalolijua kwa kichwa, tena silo la siku ile, na Mchungaji akageuza mahubiri yake yote. Mkadhani Roho ameongoza. Ndugu zangu, haikuwa Roho, ilikuwa sukari!

Dada Nakato, huyu mlinzi wetu kutoka Uganda, ndiye pekee aliyenishtukia. Jioni ile ile akanishika mkono hadi kliniki hapa Oud Metha. Daktari akasema sukari imepanda vibaya na macho ndiyo yanayolia. Nikiwahi, ukungu unaweza kuondoka. Nikipuuza, naweza kupofuka. Niliogopa, wapendwa. Nilijiona nashuka ndege nyumbani naongozwa mkono, binti yangu Furaha amekuja kunipokea, amekua, na mimi simwoni.

Muuguzi pale alikuwa mama mmoja Mkenya. Aliniuliza kwetu tunakula nini. Nikamtajia maharage, mboga za majani, maboga. Akasema vyote hivyo viko sokoni, tena ndio msimu wake, sina kisingizio. Nikamweleza kwa heshima kwamba boga la huku ni la mizimu na mimi nimeokoka. Akanitazama, akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "shetani hajawahi kulima hata tuta moja la mchicha. Hilo boga unalolikemea, ni nani aliyeliotesha?"

Nimesikia mahubiri mengi maishani, hakuna yaliyonipiga kama swali lile.

Nilirudi Mirdif nikakuta maboga mawili mezani, bado hayajachongwa. Nikapiga magoti pale pale jikoni nikatubu. Kisha nikamwendea Madam nikamwambia yote, pamoja na supu ya karoti. Nilijua kazi yangu khalas, imekwisha. Yule mama alicheka hadi akakaa chini, lakini nilipofika kwenye habari ya macho akainuka. Akaniambia moja ni la watoto, moja ni langu.

Nililichemsha na ganda lake, nikala kipande na maharage na mchicha, na machozi yakanitoka. Lilikuwa na ladha ile ile ya kwa mama. Sitawadanganya kwamba boga ni dawa. Vidonge vya daktari nameza mpaka leo, na boga lenyewe nakula kwa kiasi. Lakini wali nikaupunguza, sukari kwenye chai nikaiacha. Wiki ya kwanza nilikuwa mkali, muulizeni Nakato! Mabaki ya watoto nikajifunza kuyaweka kwenye friji, si tumboni mwangu. Jioni kumepoa, nikaanza kutembea. Kisha zikaja figili, kabichi, mboga za mashamba ya humu humu jangwani, bado zina mchanga kwenye mizizi. Nani alisema jangwani hamna kitu?

Baada ya miezi minne daktari akanipima: sukari imeshuka, macho hayana jeraha. Mama anasema nimekonda, ananionea huruma. Mwache aseme. Na leo asubuhi mmemsikia nani akisoma fungu? Ni mimi! Neno kwa neno, na Mchungaji akahubiri lile alilojiandaa nalo. Utukufu kwa Mungu!

Ndugu yangu unayeona ukungu na kujikaza, omba, halafu nenda ukapime. Aliyeotesha boga kwenye mchanga hashindwi na mwili wako. Mtegemee yeye, na ule anachokiotesha.

Nimepika sufuria la boga na maharage, liko kule nyuma kabisa. Juu yake Nakato amebandika karatasi ukutani. Mwaka jana nisingejua hata kama kuna karatasi. Leo naisoma kutoka hapa nilipo: "Karibuni." Basi, wapendwa, karibuni.