Muuza Ndoana Aliyeuliza Maji Gani

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, tulikuwa tumebaki wawili wa tumbo la mama yetu, na sasa nimebaki peke yangu, kwa hiyo kazi ya kusoma maisha yake imeniangukia mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe, akaanza shule ya msingi Januari 1957, akaiacha Novemba 1963 baba alipofariki, ili sisi wadogo tusome. Mwaka 1966 aliajiriwa na kiwanda cha nyavu, akafunga mafundo kwa miaka kumi na miwili, na tarehe 3 Julai 1978 alifungua duka lake la vifaa vya kuvulia, chumba kimoja mbele na kimoja nyuma, mkabala na fundi baiskeli.

Wengi wenu mlimwita Maji Gani, kwa sababu mteja aliyeingia kutaka ndoana aliulizwa swali hilo kabla salamu haijaisha. Kwa bwawa lililotulia alitoa mshipi mwembamba, ndoana ndogo, boya jepesi na minyoo, kwa mto unaokwenda kasi alitoa mshipi mnene na chubwi nzito ya risasi ili chambo kisichukuliwe na maji, kwa maji ya chumvi alitoa ndoana isiyoshika kutu na vipande vya ngisi, na asiyejua anakwenda maji gani alirudishwa nyumbani akafikirie. Fundi baiskeli alikuwa akisema kwamba kununua ndoana kwa kaka yangu ni kazi kubwa kuliko kuposa, naye kaka akamjibu kuwa wateja wake, tofauti na waposaji, hawarudi mikono mitupu.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa mshonaji wa mashuka ya hospitali, na tarehe 2 Februari 1983 wakapata mtoto wao wa pekee, binti. Mkewe alifariki tarehe 17 Oktoba 1999, na tangu hapo baba na binti walisimama pamoja nyuma ya kaunta.

Jumamosi tarehe 20 Aprili 2002, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na mto umejaa tope. Ubao wa ukutani, aliouandika marehemu kwa mkono wake, ulisema maji ya matope usivue, rudi nyumbani. Binti, wakati huo ana miaka kumi na tisa, alimuuzia dereva wa lori ndoana kubwa na chubwi nzito, akamshauri atumie utumbo wa kuku uliooza, atupe karibu na ukingo ambako maji hupunguza mwendo, maana samaki asiyeona hufuata harufu. Marehemu alitoka chumba cha nyuma, akaamuru vifaa virudishwe, akasema mbele ya wateja sita kwamba duka lake haliuzi uongo, na asiyejua maji asimame nje ya kaunta. Dereva alikataa kurudisha, akasema kama ni ugomvi atakwenda kugombana na kambare. Jumatatu binti aliondoka nyumbani na begi moja. Jumanne dereva alirudi na kambare watatu, akawalaza juu ya kaunta, akauliza yuko wapi yule bingwa.

Siku hiyo hiyo marehemu alifuta mstari wa matope kwenye ule ubao, akaandika maneno ya binti yake, na wateja wakayafuata kwa miaka ishirini na miwili bila kujua ni ya nani. Binti mwenyewe hakumwambia. Walizungumza kwa simu kila tarehe mosi Januari, dakika mbili au tatu, kuhusu afya na mvua. Kila siku alifunga duka saa kumi na mbili jioni, akala amesimama kwenye kaunta, kwa sababu, alisema, meza ni ya watu wawili. Mimi nilipaswa kumtembelea kila mwezi, na miezi mingine sikwenda.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2023, akalazwa mara tatu. Jumapili tarehe 26 Mei 2024, wodini, aliniagiza nimpigie binti yake, nimwambie kwamba kuhusu matope alikuwa sahihi, na kwamba yeye alilijua hilo tangu ile Jumanne. Nilimjibu kuwa atapona atasema mwenyewe, kwa kuwa niliona neno kama hilo halifai kupita kwangu. Akageukia ukutani. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni, saa tano asubuhi. Nilikuwa na siku kumi na moja, na simu ilikuwa mfukoni.

Mwanangu, umeketi safu ya pili, umesafiri siku mbili kuja hapa. Baba yako alisema ulikuwa sahihi, na kosa lilikuwa lake. Kuchelewa ni kwangu, usimhesabie yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kumpeleka kliniki, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, na fundi baiskeli, aliyefungua duka na kulifagia kila asubuhi wakati wote wa ugonjwa ingawa hakuombwa.

Kaka, ujumbe umefika. Pumzika sasa, kwa amani.