Kunde Nyeusi ya Mzee Baya

Wazee wetu, mama zetu, wachungaji na masheikh mliofika, na ninyi wanachama wa Klabu ya Wenye Maduka mliowahi kukalia upande wa kivuli kama kawaida yenu, shikamooni. Mimi ni Idah, kifungua mimba wa marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu ndugu yangu Randu, walivyosema shangazi zetu, angelia kabla hajafika kwenye habari za shule ya msingi.

Marehemu Hesbon Baya Mwaro alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 hapa Kakuyuni, mtoto wa tatu wa mkulima wa kunde na mahindi, akasoma shule ya msingi toka mwaka 1956 hadi 1963, na kwa kuwa karo ya sekondari haikupatikana, mwaka 1966 akashuka Malindi, akaajiriwa kupima misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, hadi Aprili 1974 alipofungua lake mwenyewe Muyeye. Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, Gladys Mapenzi, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi, Randu na Easter, na wajukuu saba.

Tarehe 4 Agosti 1984 yeye na wenzake sita walikodi chumba juu ya duka la mikate, wakaanzisha klabu yao ya kahawa, magazeti na bao, maana mwenye duka, alivyosema baba, hana pa kukaa, kila akikaa mteja anaingia. Mtu huingia klabu hiyo kwa kura ya kunde, kila mwanachama hupewa punje mbili, nyeupe ya kukubali na nyeusi ya kukataa, moja huitumbukiza sandukuni na nyingine huondoka nayo, na nyeusi moja tu yatosha kumfungia mtu mlango mwaka mzima. Kunde hizo zilitoka shamba hili, na baba alizichambua kwa mkono wake.

Mwaka 2019 aliniachia duka, na kwa miaka mitano akawabembeleza wenzake wakubali kupigia kura jina la mwanamke, jambo ambalo halijapata kutokea. Wakakubali, Jumamosi tarehe 2 Machi 2024 sanduku likafunguliwa, zikatoka nyeupe kumi na nane na nyeusi moja. Niliumia, sifichi, na baba aliumia zaidi, akamnunia mzee Mwaura wa duka la magodoro miezi mitatu akiamini ndiye aliyenikataa. Mwezi Juni akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na siku alipofunguliwa bandeji akavaa koti lake la klabu, akatia mkono mfukoni, akatoa kunde nyeupe.

Siku hiyo hiyo alikwenda kukiri mbele ya wote, naye mzee Mwaura akamjibu, "Baya, bintiyo umemkataa mwenyewe, mimi umeninunia bure, hebu panga bao tuone kama macho yamepona kweli." Kuteleza si kuanguka, lakini masharti ni masharti, ilibidi tungoje mwaka utimie, na baba akaapa Machi itamkuta, akairudisha punje ile mfukoni.

Machi haikumkuta. Moyo ulianza kumsumbua Novemba, akalazwa Malindi, kisha Kilifi, akafariki Ijumaa tarehe 14 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Muyeye na Kakuyuni waliochota maji na kupika siku zote hizi, na wafanyakazi wa dukani ambao hawakumwacha mama peke yake hata jioni moja. Na ninyi wazee wa klabu, leo ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, siku yenu ya kura, na asubuhi mmelileta sanduku hadi hapa nyumbani, mkapiga kura kando ya jeneza, kumi na nane mliobaki, kisha mzee Mwaura akaitoa punje katika koti la baba, akampa mama aitumbukize.

Baba, tumezihesabu mara mbili. Ni kumi na tisa, zote nyeupe, na ya kwako imo. Sasa pumzika kwa amani.