Joka Linalouliza Kama Umekula

Katika basi la kwenda Seomyeon, Dal-rae alificha uso kwenye skafu. Vijana wawili mbele yake walikuwa wakibishana kuhusu joka alilolitengeneza yeye na kuliongeza kwenye mchezo wa kompyuta.

"Joka linatema moto, halafu linauliza, 'Umekula?' kama mama yangu! Aliyeandika kakosea," alisema mwenye miwani.

"Kakosea nini, bwege we? Ule ni ufundi! Nililijibu 'bado', likanimeza! Wakilifuta, naacha kucheza."

Dal-rae alikuwa amekosea kweli. Alikusudia liseme "Nitakula", na leo alipanga kulifuta kwa aibu.

Basi likasimama. Akiwa mlangoni, akageuka.

"Jamani, mmekula?"

Wakamkodolea macho. Akaruka chini, akicheka.