Dakika Kumi na Tisa za Ngoma

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya chumba cha fundi cherehani tunayemwita Pindo. Upande wenye tundu la kitasa hunasa suruali, kwa hiyo tumemwachia Wakili, ambaye ni kinyozi tu ila hajawahi kukubali kushindwa. Betri anatengeneza redio chumba cha pili. Mimi nafundisha darasa la pili, nao huniita Mwalimu hata ninapokosea. Kila siku saa kumi alasiri tunakunywa kahawa ya birika moja mpaka iishe. Jumanne ile Betri aliweka gramafoni juu ya kigoda, na Pindo hakugusa kikombe chake.

Ujanani Pindo alipiga ngoma katika bendi ya roki ya njozi, ule muziki ambao gitaa hulia kama limeona jini na taa hubadilika rangi mpaka mtu asahau alikuja na nani. Onyesho lao la mwisho, Jumapili moja mchana katika ukumbi wa sinema, lilirekodiwa. Sasa, miaka arobaini baadaye, kampuni moja ilikuwa imelitoa upya kwenye santuri. Upande wa pili una wimbo mmoja tu, wa dakika kumi na tisa, na watu wanausifu kwa ngoma zake. Kesho yake asubuhi mtangazaji wa redio angekuja kumwuliza Pindo alizipigaje.

— Ndugu zangu, — alisema, — sikuzipiga mimi.

Akatueleza huku akiviringisha uzi kidoleni. Katikati ya wimbo alifumbua macho, taa zimegeuka zambarau, akaona dari linamshukia kama kifuniko cha sufuria. Alitupa vijiti sakafuni, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaegemea ukuta nje mpaka aliposikia makofi. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu na vijiti vimelazwa juu yake, sambamba. Akainama na wenzake kushukuru watu. Watazamaji walipofushwa na taa, na wenzake hawakumwona akitoka, kwa sababu bendi ilikuwa na sheria yake: wimbo mrefu ukianza, kila mtu anafumba macho, na atakayefumbua atabeba spika peke yake kurudi nyumbani. Mwezi uliofuata bendi ilivunjika. Kati ya watano, amebaki hai yeye tu.

— Miaka yote nasubiri mtu aniambie ngoma zilikatika, — alisema. — Leo santuri itasema.

Betri akashusha mkono wa gramafoni. Tulisikia kinanda, gitaa, mtu akikohoa ukumbini. Dakika ya sita Pindo, akiwa amefumba macho kama zamani, aliinua kidole, nasi tukabana pumzi.

Ngoma hazikukatika. Zililegea kidogo, kama mtu anayebadilisha mkono wa kubebea ndoo, kisha zikaendelea.

Pindo alipauka kuliko ambavyo angepauka kama zingekatika.

— Ni mwangwi, kaka, — alisema Betri. — Bendi zile zilikuwa na mashine ya mwangwi. Unaipa pigo moja, inakurudishia mia.

— Dakika kumi na tatu nzima?

— Inategemea betri.

Kwa Betri kila jambo hutegemea betri, hata ndoa.

— Mnajisumbua bure, — alisema Wakili. — Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Na ngoma ni nini kama si debe tupu? Ukiiacha ndiyo inavuma vizuri.

Nikamwambia taratibu, kama ninavyowaambia watoto, kwamba methali ile huwahusu watu wenye maneno mengi.

— Sasa hapa inamhusu nani?

Betri akamtazama yeye. Wakili akasogea, suruali ikanasa.

Hakukata tamaa. Alisema mtu anaweza kutoka mazoea yakabaki. Yeye mwenyewe akienda chooni, mkasi huendelea kukata. Tulipomcheka akageuza kesi yote.

— Hukutoka, Pindo. Taa zilikulewesha, ukaota umetoka. Asiyekuwepo na lake halipo. Lako lipo, basi ulikuwepo. Kesho sema ulipiga.

Hii ilikaribia kuwa hoja. Pindo aliinuka, akaingia ndani, akatoka na shati la kola pana. Mgongoni lilikuwa na rangi ya kijani iliyokauka ikawa ngumu kama ganda. Ukuta wa nyuma ya ukumbi ulikuwa umepakwa rangi asubuhi ya onyesho.

— Ndoto haichafui nguo, — alisema.

Akalikunja shati kwa mikunjo ya fundi, akanigeukia.

— Nikikubali, nadanganya. Nikikataa, wajukuu wangu watasikia redioni kwamba babu yao alikimbia. Nifanye nini, Mwalimu?

Nikammiminia kikombe cha pili cha kahawa, na cha kwanza kilikuwa bado kimejaa.

Ndipo akaja muuguzi wa zahanati kuchukua gauni lake la kazi lililokuwa linafupishwa. Akatuamkia, akasimama kusikiliza makofi ya mwisho wa santuri. Betri akamsimulia kisa chote, pamoja na mashine ya mwangwi. Yule binti akachukua jalada, akasoma nyuma, akachungulia hata ndani.

— Na huyu aliyepiga, baba, — alimwuliza Pindo, — jina lake liko wapi?

Betri akapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Wakili akafumbua kinywa, methali isitoke. Pindo akapokea jalada, akapitisha kidole juu ya majina polepole: matano, na la tano lake. Akarudia toka juu.

— Alivilaza sambamba, — alisema mwishowe. — Vijiti. Mimi nilikuwa nimevitupa.

Nikainamisha birika, lilitoa machicha tu. Kwa kawaida hapo huwa tunaondoka.

— Rudisha dakika ya sita, — Pindo alimwambia Betri. — Kesho wataniuliza habari zake, na sijawahi kumsikiliza.

Muuguzi akakaa pembeni, gauni mapajani. Wimbo ukaanza tena, na safari hii Pindo hakufumba macho.