Mwalimu Taratibu, Aliyeitwa Mwizi wa Kazi Yake Mwenyewe

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watano wa mama mshonaji na baba karani wa reli. Mama alikuwa akisema alichelewa kuongea, lakini alipoanza hakukuwa na wa kumnyamazisha.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1987 akahitimu chuo cha ualimu. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha watoto wa darasa la tatu kusoma, katika chumba kilekile chenye dirisha bovu. Mtoto akikimbiza maneno alimwambia "taratibu", na jina likamganda.

Mwaka 1992 aliolewa na fundi seremala. Shemeji yetu huyu alikuja shuleni kutengeneza madawati, akarudi mara tatu kutengeneza dawati lilelile. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2014, akiwa na miaka arobaini na minane, alianza shahada ya uzamili katika elimu ya lugha. Alitaka kujua kwa nini watoto husoma kwa sauti tamu wasielewe hata chembe. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa kuchunguza shule zote za wilaya. Msimamizi wake akamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya wizara. Chukua darasa moja." Akachukua lake. Siku moja mtoto alisoma ukurasa mzima wa mbuzi aliyepotea bila kukosea hata neno. Alipoulizwa nani kapotea, akajibu, "Mwalimu, uliniambia nisome, hukuniambia nisikilize." Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaliandika jibu lile kwenye andalio lake la somo, kama alivyoandika yote aliyoyaona darasani.

Rasimu ilipokamilika alimpa mwalimu mwenzake, waliyetumia naye meza moja miaka kumi na tisa, amsaidie kuipitia. Huyo naye alikuwa akisoma uzamili, chuo kingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2017 dada alipowasilisha tasnifu yake, chuo kilimjibu kwa barua kwamba ameiba. Kisa cha yule mtoto na mbuzi aliyepotea kilikuwa tayari kwenye tasnifu ya mwenzake, neno kwa neno, na nyuma yake sura tatu nzima. Katika chumba cha walimu watu wakaanza kufunika madaftari yao akiingia. Tusifichane, jambo lile lilimuumiza kuliko ugonjwa uliokuja baadaye.

Kilichomwokoa ni yale maandalio. Kila Jumatatu mwalimu mkuu huyakagua na kugonga muhuri wenye tarehe, na mihuri ya dada ilitangulia tasnifu ya mwenzake kwa mwaka mzima. Alibeba madaftari kumi na moja hadi chuoni ndani ya mfuko wa unga. Shahada akapewa, tarehe 8 Desemba 2018. Lakini habari ya wizi ilikuwa imeshaenea, na ya kusafishwa kwake hakuna aliyejisumbua kuieneza. Mwaka jana tu, mzazi mmoja aliuliza sokoni, "Si ndiye yule aliyeiba?" Dada alilipa nyanya zake akaondoka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Wiki ya mwisho, mdogo wake anayewasomea hapa alimsomea wasifu huu kitandani. Palipoandikwa "rafiki yake", dada aliomba kalamu nyekundu, akakata, akaandika "mwalimu mwenzake".

"Nimemsamehe," alisema. "Ila wasifu huu usomwe mbele yake. Na wewe usikimbize maneno."

Alifariki tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu wanne, na darasa la tatu la miaka thelathini na minne. Mwalimu mwenzake yupo, mstari wa tatu. Asisemwe na mtu. Dada ameagiza apewe maji ya kunywa, maana ametoka mbali.

Dada, leo umesomwa, na aliyepaswa kusikiliza amesikiliza. Pumzika sasa kwa amani.