Saa ya Mzee Budeba Haitoki Mkononi

Hapa Iyunga benchi letu liko nyuma ya jiko la Tekla, muuza kahawa, na kwa baridi hii ya Mbeya huwezi kumnyanyua mtu hapo asubuhi hata kwa winchi. Wenye benchi ni wawili. Kuna Injinia, aliyebeba magogo katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo miaka kumi akatoka na cheo alichojipa mwenyewe. Na kuna Profesa, ambaye hajawahi kushindwa swali wala kulijibu. Mimi huwa nasikiliza. Jana akaja mzee Budeba, mfugaji wa Ubaruku. Dume la ng'ombe limembana zizini, mkono wa kushoto umevimba, na saa ya bei mbaya, ya cheni ya chuma, inazidi kumkaba. Nesi wa zahanati ya hapa jirani alishashika mkasi wa chuma wa kuikatia. Mzee akaomba nusu saa, akaja kijiweni kutafuta wenye akili. Masikini, hakujua.

Budeba: Wasiikate, wanangu. Alinivalisha kijana wangu Masanja, dereva wa malori. Nilimzika mwaka juzi.

Tukamsogezea nafasi kwenye benchi. Hajakaa vizuri, Injinia akaanza.

Injinia: Pole sana, mzee wangu. Leteni bisibisi! Kifungio cha cheni unakichokonoa tu, kinanyanyuka.

Profesa: Ukichokonoa umekwaruza, na saa ya hivi ikikwaruzwa ndo basi tena. Hizi zinafunguka kwa sumaku.

Injinia: Sumaku ya wapi?

Profesa: Ndani ya spika ya redio ya Tekla.

Tekla: Redio yangu muiache.

Injinia: Basi mafuta ya kula, tuiteleze.

Profesa: Yaingie kwenye mashine isimame? We vipi! Za Uswisi hizi zina namba ya siri. Mzee, kijana hakukuachia namba?

Budeba: Aliniachia ya simu. Haipatikani siku hizi.

 Nikatamani wote tufunge midomo.

Injinia: Nimepata! Tumpandishe mlima Loleza. Kule baridi kali, chuma kinasinyaa.

Profesa: Kikisinyaa si kitamkaba zaidi?

Injinia: Na mkono nao unasinyaa, ndugu yangu. Hesabu hiyo.

Tekla akaweka birika chini.

Tekla: Baba, wewe zamani ulikuwa unaivuaje?

Budeba: Sijawahi kuivua, mwanangu. Naoga nayo, nalala nayo, navuna nayo mpunga. Masanja ndiye aliyeifunga.

Tekla akaenda duka la jirani akanunua mswaki laini. Akauchovya kwenye maji ya uvuguvugu, akaanza kusugua kile kifungio taratibu, huku mkono wa mzee umelazwa juu ya khanga yake. Zikatoka pumba za mpunga na matope ya Ubaruku ya miaka. Chini ya uchafu, kila upande, kikaonekana kitufe kidogo. Akavifinya vyote viwili kwa pamoja, kwa vidole vitupu. Cheni ikaachia. Haikupata hata mkwaruzo.

Injinia: Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

 Mkononi mwa mzee ulibaki mstari mweupe wenye alama za cheni, naye akaupapasa kwa kidole pole pole. Tekla akamwekea saa kwenye kiganja cha mkono mzima.

Budeba: Wabeja, mwanangu. Asante sana.

Akaitazama saa muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

Budeba: Mkono ukipona, nani atanivalisha?

  Mimi nilitaka kusema Tekla si yupo, atakuvalisha, lakini nilijua sicho alichouliza.